Inzi wa Kuletwa

Nyumbani kwa mama yangu mdogo, kijijini Lundo kando ya Ziwa Nyasa, inzi ni wachache kuliko katika ofisi ya walimu ninayokaa mimi. Nalisema hili kwanza kwa sababu watu wengi waliomwona kwenye ile filamu wanaamini kinyume chake, na mimi nilikuwepo siku inzi wale walipoletwa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, shule ya sekondari, upande wa Namswea. Nafundisha fasihi: wahusika, msuko, taharuki, mambo hayo. Niliposikia kwamba mwongozaji wa filamu kutoka Dar es Salaam anakuja Mbinga kuendesha mafunzo ya siku tatu, ya namna ya kuisoma filamu kama tunavyosoma kitabu, niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule nikaenda. Tulikuwa kama watu ishirini katika ukumbi wa baridi, makoti hadi shingoni, na ukungu umekaa dirishani mpaka saa nne asubuhi.

Alifundisha vizuri. Ningependa kusema alikuwa mbabaishaji, ingenirahisishia mambo, lakini hakuwa. Siku ya kwanza alitueleza maana ya fremu: ni mipaka ya picha, na kazi ya mwongozaji inaanza pale anapoamua nini kiwe ndani ya mipaka hiyo na nini kibaki nje. Akatueleza shoti ya mbali, inayomwonyesha mtu na mahali alipo, na shoti ya karibu, inayomng'oa mtu mahali pake na kukuachia uso tu. Siku ya pili akaja na jambo ambalo hadi leo sijapata kulisahau. Alikuwa amempiga picha mlinzi wa ukumbi, ameketi getini, anatazama mbele, uso hauna habari. Akatuonyesha uso ule, kisha sahani ya wali na maharage. Tukasema, "Ana njaa." Akauonyesha tena uso uleule, safari hii ukifuatiwa na jeneza lililokuwa kwenye karakana ya seremala ng'ambo ya barabara. Ukumbi mzima ukasema, "Maskini, amefiwa."

"Uso ni mmoja," akasema. "Mimi sikuwaambia kitu. Mmejiambia wenyewe. Huo ndio mkato. Picha mbili zikigusana, ya tatu inazaliwa kichwani mwa mtazamaji."

Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Jioni ile niliwaza jinsi nitakavyowaeleza wanafunzi wangu.

Siku ya tatu, wakati wa chai, alinifuata. Alikuwa anatengeneza filamu juu ya wanawake wa Ziwa Nyasa, na alikuwa bado hajampata mhusika mkuu.

"Nasikia wewe ni mtu wa kule chini, mwalimu."

"Ndiyo, nimezaliwa Lundo."

"Nitafutie mama mmoja. Mjane, anayeishi kwa samaki. Na wewe uje unitafsirie Kinyasa."

Nikamtaja mama mdogo kabla hata sijameza chai iliyokuwa mdomoni. Niliona fahari.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu mzazi, na ndiye aliyenilea tangu nilipokuwa darasa la tatu. Anakausha usipa, dagaa wa ziwa letu. Anawaosha mara mbili, anawaanika juu ya vichanja vilivyotandikwa nyavu, vimeinuka usawa wa kiuno, na hakuna anayegusa kichanja chake bila kunawa. Uwanja wake unafagiliwa asubuhi na jioni. Nyumba ina sakafu ya saruji, makochi yenye vitambaa vyeupe alivyofuma kwa mkono wake, na runinga inayotumia umeme wa jua. Mumewe alikufa kwa kisukari, hospitalini, kitandani, mama mdogo akiwa amemshika mguu kwa sababu alikuwa akilalamika kwamba unapoa.

Siku ya kupiga picha tulimkuta amesuka nywele, amevaa kitenge kipya kilichopigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. Alikuwa ameshapika wali na samaki wa mchuzi kwa ajili ya wageni. Mwongozaji alisimama mlangoni, akatazama ndani, nikaona uso wake unashuka.

"Nyumba hii haisemi kitu," akaniambia pembeni.

"Haisemi vipi?"

"Mwalimu, si tulisoma mpangilio wa fremu? Kila kilichomo ndani ya picha kinasema. Haya makochi yanasema mambo mengine kabisa. Yatoke."

Mama mdogo akaniuliza kwa Kinyasa anasema nini. Nikamjibu, "Anasema mwanga hautoshi, viti vinazuia." Ulikuwa uongo wangu wa kwanza siku ile, na ulitoka laini sana. Yeye mwenyewe akasaidia kubeba. Makochi yakaenda nyuma ya nyumba, runinga ikafunikwa shuka, vitambaa vyeupe vikakunjwa. Pazia likashushwa. Kisha akaombwa abadilishe nguo, avae kanga ya kawaida. Akaleta nzuri. Ikakataliwa. Akaleta nyingine. Mwongozaji akanyoosha kidole kwenye kona ya jikoni, kulikokuwa na kanga iliyochanika.

"Hiyo ni ya kupigia deki," mama mdogo akasema kwa Kiswahili, akicheka, akidhani ni utani.

Haukuwa utani. Aliitazama, akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Akaichukua, akaingia chumbani.

Alipokuwa ndani ndipo mwongozaji alipogeukia vichanja. Alitaka usipa waanikwe mchangani. Lakini hilo mama mdogo alikuwa amelikataa mapema na bila tabasamu: "Samaki wangu hawalali chini." Sasa mwongozaji akamnong'oneza mpiga picha wake, na yule akachukua ndoo akashuka ufukoni, mahali wanapopasulia samaki wakubwa. Akarudi amegeuzia uso pembeni. Ndani ya ndoo mlikuwa na utumbo wa jana yake: maji ya kijani yenye mapovu, vifuko vya nyongo, mayai yaliyooza yanayonata kama kamasi, na kichwa cha samaki kilichokuwa kikitikisika chenyewe kwa sababu ya funza waliokuwa ndani. Akaimwaga ndoo yote chini ya kichanja cha kwanza. Sehemu ya uchafu ule ikarukia juu, kwenye usipa safi.

Harufu ile ilinipanda puani ikakaa nyuma ya ulimi. Mate yalinijaa mdomoni nikawa naogopa kuyameza. Mpiga picha mwenyewe alikwenda nyuma ya choo akatapika, akarudi amejifunga fulana puani. Inzi hawakuchelewa. Walikuja wawili watatu, kisha wakaja wengi, wale wa kijani wanaong'aa, wakatua juu ya samaki wakisuguasugua miguu.

"Sasa ina uhai," mwongozaji akasema. "Shoti ya karibu. Karibu zaidi. Nataka kuona mabawa."

Mimi nilikuwa nimesimama pale, nimeshika chupa ya maji ya kunywa. Sikusema neno. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilitaka kusema nikashindwa, au kama sikutaka. Ukweli ni kwamba nilikuwa natazama jinsi anavyofanya kazi.

Mama mdogo alitoka amevaa ile kanga ya deki. Akasimama ghafla. Pua zake zikatanuka.

"Nani amemwaga hii?"

Wote wakanitazama mimi, mwenye lugha.

"Mbwa, mama. Amekokota kutoka ufukoni."

Alitafuta mbwa kwa macho. Kisha akachukua jembe na majivu, afukie. Mwongozaji akasema, "Mwambie asubiri kidogo, tumalize kwanza." Nikamwambia asubiri. Akasubiri, ameshika jembe.

Mahojiano yalikuwa mazuri, na hilo nalo linanikera. Mama mdogo ni msimuliaji. Aliulizwa kuhusu mumewe, akaeleza Jumapili moja mzee alipochelewa kanisani, akavaa haraka gizani, na akafika mpaka kiti cha mbele akiwa amevaa blauzi ya mkewe yenye vifungo vya maua. Simulizi ilipofika kwenye kwaya iliyoshindwa kuimba, mama mdogo alicheka akashika mbavu, machozi yakamtiririka, akayafuta kwa kiganja. Mimi nilicheka. Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika. Akasema pia, "Tangu aondoke sijawahi kumwomba mtu hata chumvi," nami nikatafsiri hivyo hivyo, neno kwa neno.

Walipoondoka walimwachia mche wa sabuni. Sabuni, kwa mtu kama yeye. Akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akafukia ule uvundo peke yake, akamwaga kichanja chote cha usipa shimoni. Nilikuwa nimeshapanda gari lao kurudi Mbinga.

Miezi kadhaa baadaye filamu ilionyeshwa Mbinga, mchana, katika ukumbi uleule. Walikuja walimu, watumishi wa serikali, wakulima wa kahawa na wake zao, wafanyabiashara wa sokoni. Mama mdogo hakualikwa. Nilikaa safu ya pili.

Ilianza kwa mlio wa inzi, kabla ya picha yoyote. Kisha mabawa. Kisha usipa wenye inzi, ukubwa wa ukuta. Ukumbi ukasema "Aaa!" kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kitu. Akaonekana mama mdogo katika kanga ya deki, mbele ya ukuta mtupu. Halafu ukaja uso wake, peke yake. Walikuwa wameondoa sauti. Walikuwa wamepunguza kasi. Kicheko kikipunguzwa kasi na kunyamazishwa, wasomaji wangu, kinageuka kitu kingine kabisa: mdomo unafunguka polepole, macho yanafumba, mabega yanatetemeka, machozi yanashuka. Chini yake kinanda cha huzuni. Baada ya uso, mkato: ziwa lenye mawimbi. Mkato: mtumbwi mtupu unayumba. Mkato: kaburi lenye msalaba wa mti, sijui la nani, si la mume wake. Kisha uso tena.

Mwishoni ilisikika sauti yake kwa Kinyasa, ile sentensi ya chumvi, imekatwa katikati. Maandishi chini ya picha yalisema: "Hata chumvi..." na nukta tatu.

Mama mmoja aliyekaa kushoto kwangu alikuwa analia kweli. Akaniambia, "Jamani, ziwa limemmeza mumewe." Akapenga kamasi, akaongeza, "Na hao samaki ndio tunaouziwa sisi?"

Nilitoa leso nikatema mate. Nilikuwa naonja ile ndoo.

Yalipokuja maswali nikasimama. Nikasema, "Mume wa mama huyu alikufa kwa kisukari, hospitalini. Hakuzama."

Mwongozaji akatabasamu kama mtu anayemsalimia mwanafunzi wake bora. "Asante, mwalimu. Ni wapi filamu imesema alizama?"

Kila mtu alikuwa anaitafuta sentensi hiyo kichwani mwake. Haikuwepo.

"Na pale alikuwa anacheka," nikasema.

"Hadhira imeona machozi," akajibu. "Machozi yalikuwepo. Mimi sikuyapaka."

Wachache wakapiga makofi. Nikakaa. Majina ya kila alichokifanya nilikuwa nayo yote, yeye ndiye aliyenipa, na hayakunisaidia chochote kwa sababu yangenilazimu nitaje pia ndoo, na mbwa asiyekuwepo.

Kipande cha inzi ndicho kilichosambaa kwenye simu. Wiki mbili baadaye nilipita kwa mzee mmoja mwenye duka karibu na soko la Mbinga, ambaye babu zake walitoka pwani, naye ndiye alikuwa akichukua magunia ya usipa ya mama mdogo kwa miaka mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kaa." Hakunitazama. Alikuwa anapanga makopo ambayo tayari yalikuwa yamepangika. "Usipa wa mama yako sitauchukua mwezi huu."

"Mzee, wewe unamjua."

"Namjua. Nimekula kwake. Lakini mteja hanunui ninachokijua mimi, ananunua alichokiona yeye. Wanaingia hapa, wananusa gunia, wanaguna, wanatoka. Jana mmoja amenionyesha simu yake. Nikaona aibu dukani kwangu."

Nikateremka Lundo Jumamosi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini habari ilikuwa imenitangulia. Wifi yake anayeishi Mbaha alikuwa amempigia simu akilia, kumpa pole upya. Jirani alikuwa amemwonyesha filamu yenyewe. Nilimkuta ameketi kwenye kochi, vitambaa vyeupe vimerudi, runinga imezimwa. Hakuniuliza habari za safari.

"Yule mbwa," akasema.

Nikapiga magoti. Sijui kwa nini, sisi si watu wa kupigiana magoti kila siku. "Hakukuwa na mbwa, mama. Walimwaga wao. Niliona."

"Nilipokuwa nasimulia habari za baba yako mdogo, ulijua watafanya vile?"

"Hapana. Hilo sikulijua."

"Lakini habari ya uvundo uliijua."

"Nilijua."

Kisha akainuka, akaenda kwenye pipa la maji, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko kwa sabuni nyingi, akaingia jikoni, akala peke yake. Tangu darasa la tatu sikuwahi kuingia nyumba ile nikaondoka bila kula.

Kabla sijaondoka alinitaka nimpigie simu mwongozaji. Alitaka kusema mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kanisani na sokoni.

"Mwanangu," akamwambia, "niondoe humo."

Niliweka sauti ya nje, kwa hiyo nilimsikia yule akieleza kwa upole mwingi kwamba filamu imegusa watu, kwamba yeye ndiye sura ya wanawake wa ziwa, kwamba haiwezekani kumtoa mhusika mkuu. Ila kama anaona haya, anaweza kumziba uso.

"Uso wangu hauna ubaya. Ziba inzi."

"Mama, inzi ndio hadithi yenyewe."

Mama mdogo akaitazama simu kama mtu anayetazama kitu kilichokwama kwenye soli ya kiatu. Akanirudishia kwa ncha za vidole.

Mwezi uliofuata niliamua kupiga picha zangu, kwa simu: vichanja, nyavu, maji yanavyobadilishwa, mikono yake. Nilitaka iwe shoti moja ndefu bila mkato, ili mtu asiweze kusema chochote. Alikubali. Jua lilikuwa zuri. Nikaanza, nikatembea naye kutoka mlangoni, na nilipokaribia pipa nikaona ndoo chafu ya kuku, yenye makapi na kinyesi pembeni. Bila hata kufikiri niliisukuma kwa mguu ikaenda nyuma ya mti. Kisha nikamwambia, "Mama, rudia kidogo, upande huu una kivuli."

Alisimama. Hakuwa amekasirika. Alirudi, akaiokota ndoo, akaiweka pale ilipokuwa.

"Kuku wangu wananya," akasema. "Piga."

Nikapiga. Nilijichukia kwa namna ambayo sikuwa nimejichukia hata mbele ya ile ndoo nyingine, maana safari hii hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Niligundua kwamba mguu wangu umeshajifunza kazi.

Video yangu haikusaidia sana. Wachache waliipenda, wengine wakaipita. Kilichosaidia ni kwamba mzee wa duka alichoka kuona aibu, akateremka Lundo mwenyewe na wateja wake wawili, akina mama wa sokoni, wakafika bila taarifa. Walimkuta mama mdogo kwenye vichanja, mikono imejaa maji. Walikaa kutwa. Walikula usipa wa kukaanga na ugali, wakauliza maswali, wakanusa, wakashika. Mzee aliondoka na magunia mawili. Mmoja wa wale akina mama alirudi sokoni akawa mkali kwa mtu yeyote anayeguna.

Si wote waliorudi. Nikipita sokoni bado nasikia mtu akiuliza, "Hawa si wale wa inzi?" Mwongozaji amepeleka filamu yake nje ya nchi mara kadhaa, nimeona picha zake amevaa koti zuri, amesimama mbele ya ukuta wenye uso wa mama mdogo. Uso ule wa kucheka.

Darasani bado nafundisha. Mwaka huu niliwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tano kipande kile, kisha nikawaeleza kila kitu, pamoja na mbwa. Hilo la mbwa nililisema nikiwa nimeutazama ubao. Msichana mmoja wa safu ya nyuma akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo huyo mwongozaji hajui kazi yake?"

"Hapana," nikamjibu. "Ni hodari." Neno lilinitoka na ladha mbaya, nikaomba maji.

Mama mdogo ananipa chakula tena. Ilichukua muda, kwanza chai tu, kisha ndizi, kisha siku moja sahani kamili. Tunazungumza, tunacheka hata. Ila nikitoa simu mfukoni, hata kama ni kuangalia saa, anainuka taratibu, anajifunga kanga yake vizuri, na anaingia ndani.